Kandanda, Raga na Vijana wa Kaptembwa

Nyumbani kwetu Nakuru, kandanda ilikuwa jambo la ukwe kabla ya kuwa mchezo. Baba yangu, Mluhya aliyeletwa mjini na kazi ya reli, alikuwa shabiki wa Abaluhya, timu iliyoundwa mwaka 1964, na hata ilipobadilishwa jina ikaitwa AFC Leopards, yeye alishikilia lile jina la kwanza, na siku za ushindi aliiita Ingwe, yaani chui. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtu wa Gor Mahia, timu iliyozaliwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa Luo Union na Luo Stars. Wakenya huita pambano la timu hizo mbili dabi ya mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi, na katika nyumba yetu jina hilo halikuwa fumbo hata kidogo, kwa maana mashemeji wenyewe walikuwa wameketi sebuleni wakigombania kiti kilichokuwa karibu na redio.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1987, Gor Mahia ilipocheza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Walikuwa wametoka sare ya mabao 2-2 kule Tunis, na mechi ya marudiano Nairobi ikaisha 1-1, hivyo kombe likaja Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mjomba alipofika siku hiyo, baba aliinuka katika kile kiti na kumwambia, "Karibu shemeji, leo redio ni yako." Mechi ilipokwisha, mjomba alilia bila kujificha. Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuishangilia Gor, alimpa mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia mama atafute kuku, kisha akakumbusha kwa upole kwamba Leopards ilikuwa imelitwaa kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1984. "Ni kweli, shemeji," mjomba alijibu, "na tulikula kuku wako mara hizo zote."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mpira ndio uliowapatanisha wazee hao. Sasa naona nililigeuza jambo chini juu. Timu zote mbili ziliundwa juu ya msingi wa kabila, na hakuna kitu ndani ya dakika tisini za kandanda kinachomfanya Mluo ampende Mluhya. Kilichowaunganisha kilikuwa ndoa ya mama na baba, watoto waliozaliwa, matanga waliyohudhuria pamoja na madeni madogo madogo waliyokopeshana, na mpira ukawapa lugha ya kutaniana juu ya ujamaa uliokuwapo tayari. Ilinibidi nipate hasara kubwa ndipo nilielewe jambo hilo.

Raga niliikuta katika shule ya upili ya bweni. Mwalimu wetu wa michezo alitupanga chini ya milingoti yenye umbo la H na kutusimulia kwamba mwaka 1823, katika shule ya Rugby nchini Uingereza, mvulana mmoja aitwaye William Webb Ellis aliudaka mpira katikati ya mchezo wa miguu na kukimbia nao mikononi, na hapo ndipo raga ilipozaliwa. Tuliipenda hadithi hiyo kwa sababu ilimhusu mvulana wa rika letu aliyevunja sheria akakumbukwa kwa heshima. Nilipokuwa mwalimu nami nikaanza kusoma mambo haya, niligundua kwamba ushahidi wake ni hafifu mno: ilianza kuandikwa mwaka 1876, miaka minne baada ya Ellis mwenyewe kufa, na aliyeiandika hakuwa ameliona tukio hilo kwa macho yake. Hata hivyo jina la Ellis limechorwa katika Kombe la Dunia la raga tangu mwaka 1987, na sidhani litafutwa.

Ukweli unaojulikana una mafunzo zaidi kuliko hadithi yenyewe. Katika shule za Uingereza za karne ya kumi na tisa kila shule ilicheza mpira wake kwa sheria zake. Wengine waliruhusu kuushika, wengine waliukataza mkono, na vijana walipokutana baadaye mjini walishindwa kucheza pamoja kwa kuwa kila mmoja aliona sheria za mwenzake ni makosa. Tarehe 26 Oktoba 1863 wawakilishi wa vilabu vya London na viunga vyake walikutana katika Freemasons' Tavern ili waandike sheria moja, na hapo kikazaliwa Chama cha Kandanda cha Uingereza. Mikutano iliyofuata ilikwama juu ya mambo mawili: kukimbia na mpira mikononi, na ruhusa ya kumpiga mpinzani teke la ugoko. Klabu ya Blackheath ilishikilia kwamba kuyaondoa mateke hayo ni kuuondolea mchezo ujasiri wake, na iliposhindwa kwa kura ikajitoa. Miaka saba na kidogo baadaye, tarehe 26 Januari 1871, vilabu 21 vilivyoupenda mchezo wa kukimbia na mpira vilianzisha chama chao cha raga katika mkahawa mmoja wa London, vikaandika sheria zao mwaka huo huo, na katika sheria hizo yale mateke ya ugoko yakapigwa marufuku.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Watu walikuwa wameachana kwa sababu ya mateke, kisha kwa muda usiotimia miaka minane mateke yakakataliwa na pande zote mbili, lakini hawakurudiana tena. Kweli lile la kukimbia na mpira mikononi lilibaki, ila lile lililowapandisha hasira kuliko yote ndilo lililokufa kwanza. Ugomvi ulikwisha, utengano ukabaki. Sikuisoma habari hiyo kwa utulivu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa ninaishi ndani ya jambo la namna hiyo hiyo.

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha shule ya msingi na kupanga chumba mtaani Kaptembwa, magharibi mwa mji wa Nakuru. Jioni za Jumatano na asubuhi za Jumamosi nilikuwa na vijana 22 wa kati ya miaka 12 na 16, katika uwanja usio na jani hata moja, ambao wakati wa kiangazi vumbi lake jeupe laini lilitujaa masikioni na katika nyuzi za viatu. Walikuwa Wakikuyu, Waluo, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, na mimi, kwa ujinga wa mtu anayeishi katika amani, sikuwa nimewahi kuwahesabu kwa namna hiyo. Mlinda lango wetu, kijana wa miaka 14, alivaa glavu za ngozi za baba yake aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Zilikuwa kubwa mno kwake na zimeungua kwenye vidole, naye alizifunga viganjani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yake yakapingwa. Nakuru ilikaa kwa wasiwasi kwa wiki kadhaa huku miji mingine ikiwaka, halafu mwishoni mwa Januari ghasia zikatufikia nasi. Sitasimulia niliyoyaona siku hizo, kwa sababu wengi wa waliotendewa wako hai na hawajaniomba niwasemee. Nitasema tu kwamba zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, kwamba uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema, na kwamba familia ya mlinda lango wetu ilikuwa miongoni mwa zilizokimbilia huko. Alipita kwangu jioni akiwa amebeba godoro kichwani, akaniachia zile glavu, akasema, "Mwalimu, niwekee, huko hakuna mpira."

Tarehe 28 Februari Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi mkataba mbele ya mpatanishi Kofi Annan, na jioni hiyo watu walishangilia mitaani. Wakubwa walikuwa wamepatana baada ya miezi miwili. Katika ploti niliyopanga, vyumba vitano kati ya kumi na viwili vilikuwa vimehamwa, na hakuna mkataba uliowarudisha waliokuwa wakivikaa.

Mwezi Machi nilipiga filimbi uwanjani na vijana 14 wakaja. Nilifanya kama nilivyozoea: niliwaambia wagawanyike wenyewe timu mbili. Waligawanyika haraka kuliko siku zote, bila ubishi, na nilipotazama niliona kwamba mpaka uliopita kati yao ulikuwa lugha za mama zao. Nililiona hilo na nikanyamaza, nikitumaini kwamba mpira ukishaanza kuviringika watasahau. Dakika ya ishirini hivi mmoja aliangushwa vibaya, mtu mzima kando ya uwanja akatamka neno la matusi kwa lugha ya nyumbani, na mawe yakaanza kuruka. Mtoto wa darasa la saba alipasuliwa nyusi. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, damu yake ikinitiririka shingoni, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama tumeshinda.

Kosa lilikuwa langu, na nimeliweka wazi kila mara ninapozungumza na walimu wenzangu. Nilidhani mpira unaponya wenyewe. Nadhani imani hiyo niliipata nikiwa Kidato cha Nne, tarehe 24 Juni 1995, tulipoitazama fainali ya Kombe la Dunia la raga katika televisheni ya shule: Nelson Mandela alipoingia Ellis Park, uwanja wa Johannesburg, akiwa amevaa jezi namba 6 ya nahodha Francois Pienaar, na Joel Stransky alipofunga kwa teke katika muda wa nyongeza, Afrika Kusini ikashinda 15-12 dhidi ya New Zealand. Tulitoka pale tukiamini kwamba nchi imepona kwa alasiri moja. Hatukuona wakati ule kwamba katika kikosi kile Chester Williams alikuwa mchezaji pekee asiye Mzungu, wala kwamba nahodha Mweusi wa kwanza kuliinua kombe hilo, Siya Kolisi, angeliinua mwaka 2019, yaani miaka 24 baadaye. Kitendo cha Mandela kilikuwa kikubwa, nami siwezi kukipunguza. Ila kilikuwa kufungua mlango, na mimi nilikuwa nimekichukua kuwa ndiyo safari nzima.

Baada ya tukio la mawe nilifunga uwanja kwa mwezi mzima. Kisha rafiki yangu wa bwenini, aliyekuwa akichezea klabu ya raga hapo mjini, alinipa mipira miwili ya umbo la yai iliyochubuka hadi rangi ikatoka, akanishauri nijaribu mchezo ambao pale mtaani hakuna aliyekuwa na upande ndani yake. Ushauri huo ulikuwa wa busara kuliko alivyojua yeye mwenyewe. Kandanda ya Kaptembwa ilikuwa na historia, mashabiki, visasi na majina. Raga haikuwa na kitu. Hakuna baba aliyekuwa amewahi kulia kwa ajili yake. Safari hii niliwagawa vijana kwa mwezi wa kuzaliwa, wa Januari hadi Juni upande mmoja, na waliobaki upande wa pili.

Kicheko cha kwanza nilichokisikia uwanjani mwaka ule kililetwa na ule mpira. Mpira wa mviringo ukidunda unajua utakwenda wapi. Wa umbo la yai hudunda mara moja kulia, mara ya pili ukakurudia usoni, na ulimdanganya kila mtu bila kujali anatoka wapi. Nao walipochoka kucheka niliwafundisha skramu. Nitaieleza kwa wasioijua: wachezaji wa mbele huinama, kila mmoja akapitisha mkono mgongoni mwa mwenzake na kuishika jezi yake kwa ngumi, mabega yakagusana, kisha wote wakasukuma kwa pamoja dhidi ya wapinzani walioshikana vivyo hivyo. Huwezi kusukuma bila kumshika wa kando yako, na ukilegeza mkono ni shingo yako na yake zilizo hatarini. Mbele yangu walikuwapo vijana wawili ambao hawakuwa wamesalimiana tangu Januari, na mwezi wa kuzaliwa ulikuwa umewaweka upande mmoja. Niliuona mkono wa kwanza ukisitasita, vidole vikigusa kitambaa tu kama anayeonja chuma cha moto, nikawaambia, "Mshike, vinginevyo mtaanguka wote." Akamshika.

Mama mmoja alinijia siku ya pili yake akiwa na shati mkononi. "Mwalimu," alisema, "mwanangu amerudi na shati limechanika begani. Kama vita vimeanza tena, niambie mapema nijue pa kwenda." Nilimweleza kwamba lilichanika kwa kushikwa na mwenzake ili wasianguke. Aliniuliza mwenzake huyo ni mtoto wa nani, nami nikamwambia. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akalikunja shati, akaondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata alikuja na sindano na uzi, akaketi juu ya jiwe kando ya uwanja, na kila shati lililochanika, la mtoto yeyote, alilishona pale pale.

Tulicheza saba kwa saba, kwa sababu tulikuwa 14 tu, na baadaye nilifurahi kujua kwamba hata raga ya wachezaji saba ilizaliwa kwa uhaba. Mwaka 1883 klabu ya mji mdogo wa Melrose, Scotland, ilikuwa na shida ya fedha, na mchinjaji wa nyama aitwaye Ned Haig akatoa wazo la mashindano ya siku moja, lakini kwa kuwa kikosi kizima cha raga hakiwezi kucheza mechi nyingi kwa siku moja, wakapunguza idadi hadi saba. Kutoka katika upungufu huo ukatokea mchezo ambao Kenya imejulikana nao duniani kuliko raga ya wachezaji 15.

Kandanda tuliirudia mwezi Agosti, vijana wenyewe walipoiomba, ila haikurudi kama ilivyokuwa. Kutoka raga tuliichukua desturi kwamba nahodha pekee ndiye anayezungumza na mwamuzi. Desturi hiyo moja ilizima nusu ya fujo zetu. Kutoka Mathare, Nairobi, tuliiga jambo lililofanywa na chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa huko mwaka 1987, MYSA, ambapo timu hupewa pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Timu zetu zilitokana na safu za nyumba, si na chaguo la vijana, na kila timu ilipewa mtaro wake. Nimeona mambo mengi yanayosemwa kuwaunganisha watu, na bado sijaona lenye nguvu kama majirani wawili walioshika mpini wa koleo moja wakitoa taka katika mtaro unaopita mbele ya milango yao wote wawili.

Funzo kubwa kuliko yote nililipata kutoka Robben Island, kisiwa cha gereza huko Afrika Kusini, nami huwa nalisimulia kabla ya lile la Ellis Park. Miaka ya 1960 wafungwa wa kisiasa katika kisiwa hicho waliomba tena na tena ruhusa ya kucheza mpira, na walipoipata wakaunda chama walichokiita Makana, wakawa na katiba, ligi yenye madaraja, kamati ya waamuzi na kamati ya kusikiliza rufaa, wote wakifuata kitabu cha sheria za FIFA. Walikuwa wafuasi wa vyama vya siasa vilivyopingana, na gerezani hawakuwa na haraka ya kwenda popote, hivyo malalamiko juu ya goli moja yaliweza kuandikiwa barua kwa miezi. FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima mwaka 2007. Nilipowasomea vijana wangu habari hiyo, walitaka nao kamati ya rufaa. Tuliiunda ya watu watano, mkubwa wao akiwa na miaka 16, na kesi yake ya kwanza ilikuwa dhidi yangu, kwa kuwa nilikuwa nimekataa bao halali. Walinisikiliza, wakanitaka nitoke nje, wakanirudisha na kunihukumu. Bao lilihesabiwa.

Si wote walioponywa na kazi hii. Mzee mmoja hakumruhusu mwanawe kurudi hata siku moja, nami sikumlaumu, kwa maana nilijua alichopoteza. Familia kadhaa ziliuza walichokuwa nacho na kuhamia kwenye maeneo ya watu wao, kama wasemavyo siku hizi, na mtaa ukawa na rangi moja zaidi kuliko ulivyokuwa nilipohamia. Kila ninapoona sherehe ya michezo ikitangazwa kuwa imeleta amani, nautafuta uso wa wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Tarehe 17 Aprili 2016, Jumapili alasiri, tulikuwa zaidi ya watu 60 katika banda la video lililo nyuma ya soko la mtaa, tukitazama fainali ya raga ya wachezaji saba kutoka Singapore. Kenya, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ilikuwa ikicheza na Fiji, mabingwa ambao hatukuwa na sababu ya kutarajia kuwashinda. Vijana wangu wa mwaka 2008 walikuwa sasa watu wazima; mmoja alikuwa na mtoto begani, na yule mama wa sindano aliketi benchi la mbele akiuliza kila mara ni upande gani tunaoelekea. Collins Injera na wenzake walishinda 30-7, taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia, na paa la mabati la banda lile lilipigwa ngumi hadi nikaogopa litatuangukia.

Katikati ya kelele simu yangu ilitetemeka mfukoni. Nilitoka nje ili nisikie. Alikuwa mlinda lango wetu, akipiga kutoka kule familia yake ilikopewa makao, na nyuma ya sauti yake nilisikia kelele kama zetu. "Mwalimu, mmeona?" aliuliza. Nilimwambia tumeona. Akaniuliza kama uwanja bado upo, nami nikamweleza ukweli, kwamba upande wa juu umejengwa nyumba za kupanga na lango moja limesogezwa hatua 20, lakini mtaro hauna taka. Aliuliza juu ya glavu. Nilimwambia panya wameila ya kushoto. Alicheka, akasema ya kulia inamtosha, na kwamba mwezi wa Agosti, akipata nauli, atakuja kuichukua.